Simu ya upepo na masikio ya adui: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu redio za kijeshi

Maswali haya yametoka kwa vijana wanaojiandaa kwenda JKT, walinzi wa makampuni, askari wa wanyamapori na watu wanaopenda tu historia ya vita. Yanaanzia mepesi na kwenda hadi ya pembeni. Humu hamna siri ya jeshi lolote. Utaratibu wa msingi wa redio umechapishwa wazi kwa miongo mingi. Ukiwa kazini, kitabu cha kikosi chako ndicho cha kufuata, si ukurasa huu.

## Mambo ya mwanzo

1. Kwa nini jeshi libebe redio wakati kila askari ana simu mfukoni?

Simu ya mkononi haiongei na simu nyingine, inaongea na mnara. Mnara una mwenyewe, unataka umeme, na ukizimwa simu zote za eneo hilo zinabaki tochi. Redio mbili hazihitaji mtu wa tatu katikati. Tena redio ni ya wengi: kamanda akisema mara moja, vikosi vinne vinasikia kwa pamoja, na kila kimoja kinajua mwenzake kaambiwa nini.

Halafu simu hujitangaza kwa mnara hata usipompigia mtu. Tarehe 1 Januari 2023 makombora ya Ukraine yaliangukia jengo walimolala askari wa Urusi mjini Makiivka. Wizara ya ulinzi ya Urusi ilitaja vifo 89 na kusema sababu kubwa ni askari kuwasha simu zao kinyume cha amri. Wapo Warusi waliokasirika wakisema huko ni kuwasukumia lawama marehemu, kwa kuwa aliyerundika watu wote kwenye jengo moja hakuwa askari wa kawaida. Mimi naona hoja zote mbili zinasimama.

2. Redio inafika umbali gani?

Hakuna namba moja, na muuzaji anayekupa namba moja anasoma maandishi ya kwenye boksi. Redio za mkononi hutumia VHF au UHF, mawimbi yanayokwenda karibu na mstari ulionyooka, kwa hiyo kinachoamua zaidi ni kimo cha antena. Watu wawili waliosimama kwenye mbuga tambarare, antena zikiwa mita moja na nusu toka ardhini, kihesabu wanapata kama kilomita 10 kabla mviringo wa dunia haujawatenganisha. Ongeza miti, nyumba na mabonde, zinabaki mbili au tatu. Ipandishe antena moja juu ya kilima cha mita 100 na hesabu inafika kilomita 46 hivi. Ndiyo maana mwanamawasiliano mzoefu hutafuta kilima kwanza, wati baadaye.

HF ni habari nyingine. Hayo ni masafa ya megahezi 3 hadi 30, yale wazee waliyoyaita masafa mafupi. Mawimbi yake hupanda, hugeuzwa na tabaka la juu la anga, na kurudi ardhini mamia au maelfu ya kilomita mbali. Aliyewahi kukesha akiikuna redio kutafuta idhaa ya ng'ambo anajua jinsi kituo kilichonyamaza mchana kinavyoibuka giza likiingia. Kanuni ya haraka: mchana panda masafa ya juu, usiku shuka. Na ukitandaza waya wa antena mita chache tu toka ardhini, mawimbi hupaa wima na kushuka karibu, yakiivuka milima iliyo kati yenu. Kwa mtu aliye Uluguru au Kivu, waya huo una faida kuliko antena ndefu ya kusimama.

3. "Neti" ni nini, na mkubwa wake ni nani?

Ni kundi la redio zilizo kwenye chaneli moja kwa kazi moja. Kituo kimoja huongoza: kinapokea wanaoingia, kinaaga wanaotoka, kinanyamazisha, kinapanga nani atangulie. Katika utaratibu wa neti, koplo aliyeshika kituo hicho anaweza kumwambia meja asubiri.

## Kuzungumza

4. Nianzeje kumwita mtu, na kwa nini "ova na auti" inachekwa?

Taja kwanza unayemwita, kisha ujitaje:

"Simba, hapa Chui Mbili. Ova."
"Chui Mbili, hapa Simba. Tuma. Ova."

Anayeitwa hutangulia kwa sababu mtu husikia jina lake hata akiwa na shughuli nyingine. Ukianza na lako, linapita kabla hajategesha sikio.

"Ova" maana yake nimemaliza zamu yangu, nangoja jibu. "Auti" maana yake nimemaliza kabisa, usinijibu. Anayesema zote mbili anamwambia mwenzake jibu, usijibu. Mazoea hayo yametoka kwenye sinema.

5. "Roja" na "wilko" si kitu kimoja?

Hapana, na tofauti yake imewahi kugombanisha watu. "Roja" inasema tu: nimepokea ujumbe wako wote. Haisemi nimekubali wala nitafanya. "Wilko" inasema nimeelewa na nitatekeleza, kwa hiyo "roja wilko" ni maneno ya ziada. Asili ya roja ni herufi R ya telegrafu, iliyomaanisha kupokelewa. Katika alfabeti ya zamani ya Waingereza na Wamarekani R ilitamkwa Roger. Siku hizi R ni Romeo lakini roja imebaki.

6. Kwa nini mtu akitaka kurudiwa ujumbe haambiwi aseme "Repeat"?

Kwa Kiingereza cha mizinga, "Repeat" ni amri ya kupiga tena palepale kwa idadi ileile ya makombora. Ndiyo maana neno la kuomba kurudiwa ni "Say again". Kwa Kiswahili nashauri "sema tena" badala ya "rudia", kwa sababu hiyo hiyo: "rudia" inaweza kusikika kama amri ya kurudia kitendo.

7. Ni lazima nijue Alfa, Bravo, Charlie?

Ndiyo, zote 26, neno moja kwa kila herufi. Alfabeti hii ilianza kutumika rasmi katika usafiri wa anga duniani tarehe 1 Machi 1956 na majeshi ya NATO yakaichukua. Maneno yake yalijaribiwa kwa wasemaji wa lugha mbalimbali. Hata tahajia ilifikiriwa: Alfa ina f badala ya ph ili asiyejua Kiingereza asiikosee, na Juliett ina t mbili ili Mfaransa asiimeze t ya mwisho.

Sisi inatufaa kwa jambo letu wenyewe, l na r. Kuna wasemaji wengi ambao kwao "lala" na "rara" zinatoka sawa, na redio yenye mkwaruzo haisaidii. "Lima" na "Romeo" hazichanganyiki hata kidogo. Vilevile majina ya mahali: Kibaha, Kibada na Kibamba ni sehemu tatu tofauti, mbili zikiwa ndani ya Dar es Salaam, na kwenye redio hafifu zote ni "Kiba-kitu". Taja jina, kisha litaje herufi kwa herufi.

8. Namba za Kiswahili zinasomwaje redioni?

Tarakimu moja moja, kila mara. 38 si "thelathini na nane", ni "tatu, nane". Kiingereza kina tatizo la "five" na "nine", ndiyo maana 9 hutamkwa "niner" na 5 "fife". Sisi tuna "nne" na "nane", mbaya zaidi kwa kuwa moja ikipoteza silabi inakuwa nyingine. "Sita" na "saba" zinafuata, kisha "tatu" na "tano". Walimu wengine huwafundisha watu kuvuta: "n-ne" fupi yenye pumziko kati, "naaane" ndefu. Si kanuni ya kimataifa lakini inafanya kazi. Dawa ya hakika ni mpokeaji kukusomea tena namba zote, nawe uthibitishe.

Mtego mkubwa uko kwenye maelfu. "Elfu mia mbili" kwa mmoja ni 200,000, kwa mwingine ni 1,200 aliyoifupisha. Sokoni mtaelewana kwa kuangaliana usoni. Redioni sema "moja, mbili, sifuri, sifuri" na mjadala umekwisha.

9. Tunatumia saa ya Kiswahili au ya Kizungu?

Saa 24, tarakimu nne. "Saa nane" ya Kiswahili ni 1400 mchana au 0200 usiku, na kwa aliyesoma saa yake kwa Kiingereza inaweza kugeuka 0800. Hapo kuna majibu matatu kwa neno moja. Nimeona doria ikingojwa saa sita kabla ya wakati wake kwa kosa hili, chai ikapoa, kisha ikamwagwa.

Ujumbe ulioandikwa huwa na kundi la tarehe na saa: 141400C ni tarehe 14, saa 1400, ukanda C. Tanzania, Kenya na Uganda ziko ukanda C, yaani Charlie, saa tatu mbele ya saa ya dunia inayoitwa Zulu. Burundi, Rwanda na Kongo ya mashariki ziko ukanda B. Mtu aliye Kigoma na mwenzake aliye Uvira wanatazama ziwa moja huku saa zao zikipishana kwa saa nzima. Operesheni ikivuka mpaka, wote wahamie Zulu.

10. Kuna kosa gani la kawaida kuliko yote?

Kitufe cha kuzungumzia. La kwanza ni kubonyeza na kusema papo hapo, hivyo silabi za mwanzo zinakatika na "usisogee" inafika "sogee". Bonyeza, pumua, kisha sema.

La pili ni kitufe kukandamizwa bila mwenyewe kujua. Niliwahi kufundisha walinzi wa kampuni moja mjini, sitaitaja. Mlinzi wa geti la nyuma alitia redio mfuko wa suruali akakaa kwenye kiti cha plastiki. Kwa dakika nzima kadhaa malindo yote yalisikia akipatana na mama muuza samaki: vibua vitatu kwa elfu mbili, hapana, vinne, basi weka na ndimu. Wenzake walicheka hadi msimamizi alipokumbuka kwamba muda wote huo hakuna lindo lililoweza kuita msaada. Redio yenye kitufe kilichokwama inaziba chaneli nzima, na pia inatangaza kila kinachosemwa karibu nayo. Tangu siku ile nawaambia watu redio ikae kifuani.

11. "Mayday" ni neno la jeshi?

Ni la yeyote aliye katika hatari ya kufa. Anatajwa kuwa alilibuni Frederick Stanley Mockford, ofisa wa redio wa uwanja wa ndege wa Croydon, London, miaka ya 1920, kutokana na Kifaransa cha "nisaidie", kwa sababu ndege nyingi zilikuwa zikienda na kurudi Paris. Husemwa mara tatu, kisha jina lako, mahali ulipo, kilichotokea, idadi ya watu. Manahodha wa pwani huliitia chaneli 16, megahezi 156.8, marubani megahezi 121.5. Hapo sahau habari zote za usiri zilizo hapa chini. Sema wazi.

## Usiri

12. Usiri wa mawasiliano maana yake ni kuficha maneno tu?

Watu wengi huanzia hapo na kuishia hapo. Kuna kuficha maneno kwa msimbo. Kuna kuficha hata kwamba mawimbi yamerushwa: kusema kifupi, kupunguza nguvu, kubadilisha masafa, kunyamaza. Kuna kulinda vifaa na karatasi zenyewe visiibwe wala kupigwa picha. Na kuna mdomo wa mtumiaji. Sehemu ya mwisho haina mashine ya kuirekebisha.

13. Redio yetu imefungwa kwa msimbo. Bado kuna la kuogopa?

Lipo. Asiyeelewa neno hata moja anajua nani anaita nani, mara ngapi na saa ngapi. Kituo ambacho wote wanakiripoti ni makao makuu, hata kama kinajiita Sungura. Kituo kilichokuwa kimya juma zima kikianza kuzungumza alfajiri, kuna jambo. Tena kila mrusho una mwelekeo: vituo viwili vya kupima vikichora mistari yao kwenye ramani, mistari hukutana ulipo. Rais wa Chechnya, Dzhokhar Dudayev, aliuawa kwa kombora tarehe 21 Aprili 1996 akiwa kwenye simu ya setelaiti.

Mfano ninaoupenda ni wa jangwa la Misri. Mwaka 1942 Rommel, jenerali wa Wajerumani, alikuwa na kombania ndogo ya kusikiliza redio, chini ya kapteni Alfred Seebohm. Waingereza walipiga soga hewani, walitaja majina, waliulizana mambo kwa mafumbo mepesi, na Seebohm alikuwa akimjengea Rommel picha ya mipango yao. Tarehe 10 Julai 1942 askari wa Australia waliiteka kombania hiyo karibu na Tel el Eisa. Ndipo Waingereza waliposoma makaratasi yake na kuona jinsi walivyokuwa wakijiuza wenyewe. Rommel alikuwa amepoteza sikio, wao wakaimarisha nidhamu. Ukitaka kujua redio yako inavuja nini, jisikilize ulivyo kwa siku tatu kama vile wewe ndiye Seebohm.

14. Si tuzungumze tu kilugha? Au Sheng?

Nimeulizwa hili kuliko swali lolote, na huwa linakuja na mfano wa Wanavajo, kabila la wenyeji wa Marekani ambao lugha yao ilitumika redioni vitani. Mfano wenyewe unajibu kinyume. Wanavajo 29 wa kwanza walioingizwa katika kikosi cha Marine mwaka 1942 hawakuzungumza tu lugha yao. Walijenga msimbo juu ya lugha: kifaru cha vita kiliitwa kobe, bomu la mkono kiazi, ndege za kivita ndege wadogo, na kila herufi ilikuwa na maneno yake. Askari Mnavajo aliyekuwa mateka wa Wajapani alisikilizishwa ujumbe huo, akaelewa maneno lakini hakuelewa maana, kwa kuwa hakufunzwa msimbo. (Kiswahili nacho, kwa kuiita mashine ya chuma kwa jina la mnyama kifaru, kilishafika huko bila kuombwa.)

Kilugha peke yake kinachelewesha tu. Kiswahili, UNESCO inakihesabia wasemaji zaidi ya milioni 200. Kihaya, Kikamba, Kinyamulenge, kila kimoja kina watu pande zote za kila mgogoro. Na Sheng inahitaji kijana mmoja tu wa Eastlands, Nairobi.

15. Na misimbo tuliyojitungia, "mzigo umefika", "wageni wapo"?

Ni mibaya kuliko kusema wazi, maana inakupa ujasiri usio na msingi. Msikilizaji akisikia "mzigo umefika" na nusu saa baadaye akaona lori la mafuta likishusha, amekwisha pata kamusi.

Hata misimbo ya kweli huvunjwa kwa njia hiyo. Mei 1942 Wamarekani walijua Wajapani wanataka kushambulia mahali palipoitwa "AF" lakini hawakuwa na uhakika ni wapi. Kikosi cha Joseph Rochefort, Hawaii, kikapitisha agizo kwa kebo ya chini ya bahari: Midway itangaze redioni, wazi, kwamba mtambo wake wa maji umeharibika. Haukuwa umeharibika. Punde Wajapani wakaripotiana kwamba AF ina upungufu wa maji. Mapigano ya Midway yalifuata Juni, Wajapani wakapoteza manowari nne za kubebea ndege.

16. Nitajuaje kwamba anayeniamuru ndiye kweli?

Sauti si ushahidi, jina la mwito si ushahidi. Pande zote mbili huwa na jedwali la siku. Unamtajia herufi mbili, yeye anakujibu herufi iliyo kwenye makutano yake. Akichelewa sana au akisema "wewe si unanijua", mwulize upya kwa herufi nyingine. Akikosa tena, chukulia ni adui na ripoti. Muhimu: usitumie jozi moja mara mbili, na aliyeulizwa ana haki ya kuuliza naye.

Kisa chenye uzito hapa kinatuhusu. Tarehe 21 Novemba 1917 puto kubwa la Kijerumani, L59, liliondoka Jamboli, Bulgaria, likiwa na dawa na risasi za kumpelekea Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani wa Afrika Mashariki, aliyekuwa kusini mwa Tanzania ya leo. Lilivuka bahari na jangwa, na likiwa limepita Khartoum likapokea ujumbe wa redio: rudini, eneo limekwisha tekwa. Kapteni Bockholt akageuza. Puto lilirudi Jamboli baada ya saa 95 angani na zaidi ya kilomita 6,700, mzigo ukiwa bado tumboni. Ipo simulizi maarufu kwamba Waingereza ndio walioghushi ujumbe huo, lakini kumbukumbu za Wajerumani zinaonyesha ulitoka kwao wenyewe. Siku mbili baada ya puto kugeuka, Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Jiweke mahali pa Bockholt: uko gizani juu ya Sudan, sauti haina uso, na kila upande una sababu ya kutaka urudi.

17. Nikiunda msimbo wangu ambao hakuna aujuaye, si utakuwa salama?

Mwaka 1883 mtaalamu wa misimbo Auguste Kerckhoffs aliandika kanuni ambayo bado inatawala: mfumo ubaki salama hata adui akiujua wote, isipokuwa ufunguo, yaani ile siri ndogo ya kufungia na kufungulia ujumbe. Kwa hiyo siri iweke kwenye ufunguo unaobadilika, usiiweke kwenye ujanja wako.

Ufunguo nao una tabia zake. Daftari la matumizi ya mara moja, ambapo kila ukurasa hufunga ujumbe mmoja na kuchomwa, halivunjiki kihesabu. Wasovieti walikuwa nalo. Mwaka 1942, katika joto la vita, baadhi ya kurasa zilichapwa mara mbili, na Wamarekani waliitumia nakala hiyo kusoma sehemu ya ujumbe wao katika kazi iliyoitwa Venona. Kifaa kilikuwa kamili. Aliyekosea ni kiwanda cha karatasi.

## Yaliyotokea kwetu

18. Afrika Mashariki imewahi kuwa na kisa chochote cha redio au cha kuvunja misimbo?

Mbali na puto la swali la 16, vipo viwili ambavyo vinastahili kujulikana kuliko vinavyojulikana.

Cha kwanza ni Rufiji, 1915. Meli ya kivita ya Kijerumani Königsberg ilijificha ndani ya delta, nyuma ya mikoko, na Waingereza wakaleta meli mbili za mizinga zenye kina kifupi, Severn na Mersey. Wapigaji hawakuiona shabaha. Macho yao yalikuwa ndege iliyoruka kutoka kisiwa cha Mafia na kurusha masahihisho kwa redio ya nukta na vistari. Tarehe 6 Julai zilipiga zote mbili kwa wakati mmoja. Aliye juu hakuweza kujua kombora lipi ni la nani, na masahihisho yakaenda kombo. Tarehe 11 Julai walipanga moja ipige, nyingine ingoje. Ndege ya rubani Cull na mwangalizi wake Arnold ilipigwa, ikaanza kushuka bila injini, na Arnold akaendelea kurusha masahihisho huku wakielea kuelekea mtoni. Walitua majini, ndege ikapinduka, wakaokolewa. Königsberg haikutoka tena. Somo la tarehe 6 ndilo la kila neti: wakizungumza wawili, hajasema hata mmoja.

Cha pili kiko Mombasa. Baada ya Wajapani kushambulia Colombo Aprili 1942, wavunja misimbo wa Kiingereza wa bahari ya mashariki walihamia Kilindini, wakapewa majengo ya shule ya Allidina Visram. Mawimbi kutoka Pasifiki yalifika yamechoka. Hata hivyo, Septemba 1942 Wajapani walikosea katika msimbo wa meli zao za biashara uitwao JN-40, na kufikia Novemba watu wa Kilindini walikuwa wakiusoma kadiri ujumbe unavyoingia. Mwaka uliofuata walirudi Colombo. Wapo waliosoma shule hiyo miaka yote bila kuambiwa.

19. Na vita vya Tanga?

Tanga ni funzo la usiri bila redio. Tarehe 2 Novemba 1914 Waingereza walifika na askari kama 8,000, lakini kapteni wa meli Fox alikwenda kwanza nchi kavu kuwaarifu Wajerumani kwamba makubaliano ya kutopigana yamefutwa. Lettow-Vorbeck akapata muda wa kuleta watu kwa reli kutoka kaskazini. Alikuwa na kama 1,000 hivi, akashinda. Nyuki waliowavamia askari katika mapigano na kupata sifa zote walikuja baadaye.

## Mambo ya pembeni

20. "Kuruka masafa" ni nini?

Redio mbili hubadilisha masafa kwa pamoja, kwa mpangilio unaojulikana kwao tu. SINCGARS ya Marekani huruka mara 111 kwa sekunde kati ya megahezi 30 na 88. Msikilizaji wa kawaida husikia vipande visivyo na maana. Sharti lake ni saa: redio zikipishana muda, hazisikiani. Wazo la namna hii liliwahi kupewa hataza Marekani mwaka 1942 kwa mwigizaji Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil.

21. Redio za bei nafuu za Kariakoo zinafaa kwa ulinzi?

Kwa kuongoza magari kwenye harusi, ndiyo. Kwa siri, hapana. Nyingi hurusha sauti wazi, na ile "namba ya faragha" kwenye menyu haifichi kitu. Inazuia tu wewe usiwasikie wengine, wao wanakusikia. Mwaka 2022 askari wa Urusi waliotumia redio za aina hiyo Ukraine walirekodiwa na raia wenye vifaa vya kawaida. Isitoshe, masafa yanahitaji kibali: Tanzania kwa TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, Kenya kwa Mamlaka ya Mawasiliano.

22. Chaneli imejaa kelele. Tunavurugwa au redio mbovu?

Chomoa antena. Kelele ikibaki ileile, tatizo liko kwenye kifaa chako au kitu kilicho jirani nacho, mara nyingi jenereta au chaja. Ikipungua sana, inatoka nje. Hapo usitangaze hewani kwamba unavurugwa, maana unampa adui taarifa kuwa kazi yake imefanikiwa. Endelea kifupi, sogea nyuma ya kilima au jengo lililo upande wa kelele, hamia masafa ya akiba mliyokubaliana mapema, na ripoti kwa njia nyingine.

23. Nimenasa mawasiliano ya vyombo vya ulinzi kwa bahati. Nifanyeje?

Hama chaneli. Usirekodi, usisambaze kwenye makundi ya WhatsApp, usijibu. Kunasa kwa bahati ni jambo moja, kusambaza ni kosa kisheria.

24. Redio yenye funguo imepotea. Nani aambiwe kwanza?

Kamanda wako, sasa hivi, kabla ya kuanza kuitafuta. Watu huitafuta kwanza kwa kuogopa adhabu, na saa mbili za woga huo ndizo anazohitaji aliyeiokota. Kila redio kwenye neti ihamie ufunguo wa akiba, jedwali la swali la 16 litupwe, majina ya mwito yabadilishwe. Ikipatikana chini ya kiti cha gari, bado ufunguo wa zamani haurudi. Na taarifa ya kupotea isitumwe kwa neti ileile iliyopotelewa: nenda kwa miguu, piga simu ya mezani, tuma mtu na pikipiki.